Spika ya Kupanda Ngazi

Kasha la spika ya besi lilikwama kwenye kona ya ngazi, likakataa kupanda na likakataa kushuka. Juu yake alisimama shangazi yake bibi harusi, mwanamke mpana mwenye haja ya haraka ya kwenda chooni. Chini yake walipanga foleni wanawake saba na sinia za biriani. Katikati, kifua kimebanwa na kasha na mgongo umebanwa na ukuta, alikuwa Radhiya, mpiga besi wa kikundi cha Shada cha Kizingitini. Jasho lilikuwa limemharibia wanja aliojitia asubuhi kwa nusu saa nzima.

"Sukumani, jamani!" Saadiya, mwimbaji wao, aliamrisha kutoka juu, mkononi hana kitu ila maikrofoni. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

"Tusukume n'ni? Limeuma ukuta!" akajibu Radhiya.

Mwanamume hata mmoja hangeweza kuja kuwaokoa. Ilikuwa siku ya wanawake huko Chundwa, bibi harusi amekaa ghorofani amepambwa, wageni wamevua mabuibui, vichwa wazi, nywele zanukia asumini. Mahamali wawili walilileta kasha kutoka pwani, wakalitua mlangoni, wakageuza nyuso na kwenda zao, kama desturi itakavyo. Kutoka mlangoni kwenda juu, kila chombo ni cha mikono ya wanawake wenyewe. Ngoma zilipanda. Kinanda kilipanda. Kasha la besi ndilo lililojiona limefika pale konani.

"Hawa ni waimbaji au ni mahamali?" akauliza mmoja wa wabeba biriani.

"Muulize yule shangazi. Aliye juu mngoje tini!" akajibu mwenzake, na kicheko kikashuka ngazi mpaka barazani.

Shangazi hakucheka. Alikaa juu ya kasha kama mtu aliyepanda punda, akashikwa na mikono sita, akateremshiwa upande wa pili. Sinia za biriani zilipitishwa juu moja moja. Kasha lenyewe halikusogea. Radhiya alipiga besi harusi nzima amesimama ngazini, akiwaona wenzake visigino tu, na kila aliyepita alimwambia "samahani, bibi" kwa sauti ile anayoambiwa punda aliyelala njiani.

*

Kasha lile lilikuwa na mwenyewe. Lilitengenezwa na Mzee Hamdun, baba mkwe wake Radhiya, seremala wa Lamu wa milango na vitanda, aliyehamia Kizingitini kukaa na mwanawe Uthman baada ya kufiwa na mkewe. Aliposikia mke wa mwanawe ataka kasha la spika, alitafuta mbao za mbambakofi, akazichonga maua pande zote, hata ule upande wa nyuma unaotazama ukuta. Uthman, ambaye kazi yake ni kununua kamba mawe kwa wavuvi, na ambaye hatoki nje bila mizani yake ya kuning'iniza, alilipima. Kilo sitini na mbili. Mzee alifurahi kana kwamba amepewa mjukuu. Kwake yeye uzito ndiyo heshima ya kitu, na kitu chepesi ni cha kudanganyia watoto.

Kwa hivyo Radhiya aliporudi kutoka Chundwa anatembea amepinda, na mzee akamuuliza kasha limepokewaje, alijibu, "Limesifiwa, Baba. Wageni wote wameliona."

"Nalikiyua," akasema Mzee Hamdun, akaagiza kahawa.

Wiki ile ile ikaja simu kutoka Lamu. Bi Razan, mwenye nyumba kubwa ya ghorofa tatu, alikuwa akimwoza binti yake, naye aliwataka Shada kwenye siku ya kumtoa bibi harusi mbele ya wanawake. Saadiya alifungua sauti ya simu ili kikundi kizima kisikie sifa zao.

"Nawataka nyinyi, siwataki wa Mombasa," ilisema sauti ya Bi Razan. "Mutateza darini, juu kabisa. Lakini lile kasha lenu nimezipata khabari zake. Ngazi zangu nimezipaka neru mpya, chokaa nyeupe, yang'ara. Kasha lile lisivuke mlango wangu."

Simu ilikatika. Halafu Fahima, mpiga kinanda, akaunyanyua mkono wake wa kushoto akautazama.

"Mkono huu hauna kazi kubwa," alisema, wala hakuwa na nia mbaya. "Kinanda kina besi yake mumo kwa mumo. Naweza kuipiga mimi."

"Kwa siku hiyo moya tu," Saadiya akaharakisha kusema.

Radhiya hakuwa mtoto. Aliijua siku moja ilivyo. Siku moja huzaa ya pili, ya tatu hawakwiti, na ya nne wakuta mahali pako pamewekwa feni. Naye aliipenda besi kuliko dhahabu aliyoolewa nayo. Kwenye harusi watu humsikiliza mwimbaji, lakini ni yeye aliyekuwa akizitikisa nyonga zao, na siri hiyo ilikuwa ikimpa furaha ambayo hakuwahi kumweleza mtu. Wazo la kukaa kati ya wageni akila sambusa huku Fahima akimpigia besi kwa vidole vitatu hakulikubali.

"Nipani wiki moya," alisema. "Nitaleta spika ya kupanda ngazi."

*

Walikwenda Lamu yeye na Uthman, Uthman na mizani yake. Duka la kwanza lilikuwa la bwana mmoja aitwaye Ubaid, aliyewatolea spika ya plastiki yenye taa za rangi saba.

"Mtoto wa miaka mitano huitukua," alisema Ubaid. "Ina redio, ina taa, ina mahali pa kutilia simu moto."

Uthman aliitundika kwenye ndoana. "Kilo kumi na robo!" alisema kwa furaha, kisha akatazama bei, furaha ikaongezeka. "Mke wangu, tumepata."

Radhiya alitoa gitaa lake la besi kwenye mfuko, akalichomeka, akaugonga uzi mnene kuliko zote. Spika ilikohoa. Akaugonga tena kwa nguvu, nayo ikaanza kutembea juu ya meza, taa zake zikiwaka na kuzimika, ikaenda, ikaenda, Ubaid akaidaka ilipokuwa imekwisha toa pua nje ya meza.

"Masikini, yataka kurudi kwao," alisema Radhiya, na Uthman akacheka mpaka akajifuta macho kwa kikoi.

Ubaid hakuwa mchoyo wa ushauri. Aliwaelekeza Langoni, kwa Kamau, mpigaji besi wa mahotelini aliyekuwa akifunga virago kurudi bara na kuuza vyombo vyake. Kamau aliishi chumba cha juu. Aliwakaribisha chai, akawatolea kasha jeusi lisilo pambo lolote, na mbele yake, chini ya spika, tundu la duara kiasi cha mdomo wa kikombe.

"Mama, hii mbao ni plywood nyepesi, na sumaku ya spika ni ya kisasa, ndogo," alieleza. "Hapo ndipo uzito umetolewa. Kilo kumi na tano."

Uthman alilitundika. "Kumi na nne na nusu."

"Sasa wewe ni mnunuzi wa aina gani, unaniambia ni nyepesi kuliko nilivyosema?"

"Mimi hupima kamba," akasema Uthman. "Nusu kilo ni nusu kilo."

Kamau akanyosha mkono kuwasha ampli, lakini Radhiya alikuwa amekwisha lishika kasha. Kwa mkono mmoja alilibeba, kwa mkono wa pili akakusanya buibui lake, akashuka ngazi mpaka mlangoni. Akapanda. Akashuka tena. Akapanda. Jirani wa chini alifungua mlango kutazama kuna nini, akasalimiwa kwa heshima, akafunga.

"Mama, kwani hutaki kuisikiza kwanza?" aliuliza Kamau.

"Kwanda nione itafika. Sauti nzuri iliyobaki ngazini nimeshaiteza."

Ndipo alipokaa akapiga. Sauti ilitoka nene na tulivu, ikaingia sakafuni, ikampanda kwa nyayo. Vikombe vya chai vikatetemeka kwenye sinia, na upepo mdogo uliotoka kwenye lile tundu ukaupepea upindo wa buibui lake. Radhiya alicheka peke yake kama mwenye wazimu. Uthman, ambaye hajui besi na kinanda vinatofautianaje, aliutazama uso wa mkewe, akaelewa kwamba biashara imekwisha. Bei yake ilikula bangili moja ya dhahabu, na Radhiya hakuitazama mara ya pili ilipokuwa ikienda.

Botini, kasha liko kati ya miguu yao, Uthman akauliza lile swali ambalo wote wawili walikuwa wakilikwepa. "Na Baba tutamwambia n'ni?"

*

Radhiya alimwambia mwenyewe, kwa kahawa na tende, akaomba radhi kabla ya kueleza kosa. Hakusema habari ya Chundwa. Alisema tu kwamba Bi Razan ana ngazi nyembamba.

Mzee Hamdun alikaa juu ya kasha lake la mbambakofi, ambalo ndilo lililokuwa kiti chake cha jioni, akalitazama lile jeusi. Aliligonga kwa kidole. Akalinyanyua, akalitua haraka kana kwamba limemwaibisha.

"Mti gani huu?"

"Plywood, Baba."

"Husikii kitu ndani. Kitu kisicho uzani hakina heshima, mwanangu. Haya. Lenu hilo." Akanyamaza, na kunyamaza kwake kulichukua siku tatu. Alikula akashukuru Mungu, alisalimiwa akaitikia, lakini neno la ziada hakulitoa, na nyumba nzima ikawa inatembea kwa ncha za vidole.

Siku ya nne, baada ya swala ya alasiri, alisema, "Nipani lile kasha. Nilitie mkono wangu."

Radhiya alilikimbiza kwake mwenyewe kwa furaha. Asubuhi ya safari, nahodha wa boti amekwisha piga kelele mara mbili kwamba maji yanatoka na hangoji mtu, mzee akatoka chumbani na kasha limefunikwa kwa leso. Akaifunua. Pale palipokuwa na lile tundu, sasa palikuwa na ua la majani manane, la mbambakofi iliyosuguliwa mpaka ikang'aa, limekaa ndani ya duara lake kama lilizaliwa pale. Hapakuwa na msumari wala tone la gundi.

"Lalikuwa wazi," alisema Mzee Hamdun. "Panya wangeliingia. Na mtu aendao kwa Bi Razan hendi na kitu kitupu."

Radhiya akaubusu mkono wake, machozi yakimtoka. Baba yake mkwe alikuwa amelikubali kasha jepesi, tena amelitia saini yake, na duniani hapakuwa na bibi mwenye bahati kama yeye. Hapakuwa na muda wa kulijaribu. Wakakimbilia boti wote watatu, yeye, Uthman na mzee, maana mzee naye alikuwa amealikwa na mumewe Bi Razan, mwenzake wa chuo cha Kurani.

*

Ngazi zilikuwa na daraja hamsini na moja kutoka mlangoni mpaka darini, na Radhiya alizipanda zote kwa mkono mmoja, kasha halikugusa neru hata kwa kivuli. Bi Razan alimsubiri juu, akamkagua yeye na ukuta, akasema, "Mashaallah. Karibuni." Wanawake walikuwa wamejaa dari nzima, dhahabu na hariri, vishada vya asumini, maturubai ya kuzuia jua la alasiri. Bibi harusi bado hajaletwa.

Saadiya akaanza wimbo wa kwanza. Fahima akaitikia kwa kinanda, ngoma ikaingia, na Radhiya akaugonga uzi.

Sauti ilitoka kama mtu anenaye na leso mdomoni. Akaongeza sauti ya ampli. Leso ikawa mbili. Akazungusha kila kitufe kilichokuwepo, kulia, kushoto, akagonga karibu na shingo ya gitaa, akagonga mbali, na kila alivyozidi ndivyo besi ilivyozidi kumezwa. Wageni wa mbele walianza kutazamana. Pembeni yake, mkono wa kushoto wa Fahima ukaanza kuteleza taratibu kwenda kwenye vidude vya sauti nene, ukatua pale, ukabonyeza. Besi ya kinanda ikajaa darini. Bi Razan akatikisa kichwa kwa kuridhika.

Radhiya aliiona ile ishara ya kichwa, na ilimuuma kuliko ngazi za Chundwa. Akainama kutafuta ubovu. Akaweka kiganja mbele ya kasha, na hapo akakumbuka ule upepo uliopepea buibui lake chumbani kwa Kamau. Sasa hapakuwa na upepo. Palikuwa na ua.

Akatia ukucha, ukucha haukuingia. Akaazima pini ya ushungi, ikapinda. Mzee alikuwa amelipachika kwa namna ambayo hata unywele haungepata njia.

"Livunde!" Saadiya alimnong'oneza mara wimbo ulipokwisha. "Kuna nyundo jikoni. Livunde, bibi harusi yuwaya!"

"Siwezi kuvunda kazi ya Baba."

"Basi kaa, Fahima yuko."

Radhiya hakukaa. Akachomoa waya, akajitupia buibui, akalishika kasha, akashuka nalo ngazi zote hamsini na moja, akiwapita wapanda-ngazi bila kumkanyaga mtu.

Mzee Hamdun alikuwa amekaa dakani, penye mlango wa nyumba, na Uthman na wazee wenzake wanne, wanakunywa kahawa. Alipomwona mke wa mwanawe na kasha mkononi, alisimama.

"Wamekufukuza?"

"La, Baba." Angeweza kusingizia umeme. Alilifikiria hilo, akaliacha. "Ua lako halina mfano. Lakini tangu likae hapa besi haisikiki. Hapa palikuwa na pumzi ikitoka."

Mmoja wa wale wazee akacheka kidogo ndani ya kikombe chake. Uso wa Mzee Hamdun ukabadilika rangi. Alikuwa mbele ya watu aliosoma nao chuo, waliolala kwenye vitanda alivyovichonga, na hapa mke wa mwanawe amwambia kwamba kazi ya mkono wake imeharibu. Radhiya alitamani ardhi ipasuke.

Mzee alichuchumaa. Akaweka kiganja juu ya ua, akafikiri kwa muda mrefu.

"Nzumari ukiiziba tini, hulia?" aliuliza, lakini alikuwa akijiuliza mwenyewe.

"Hailii, Baba," Uthman alisema polepole.

"Astaghfirullahi. Nimeliziba pua!" Na akaanza kucheka, yeye wa kwanza, mpaka kofia ikamteleza, na wazee wote wakamfuata. Akabonyeza majani mawili ya lile ua kwa vidole gumba, akalizungusha robo, nalo likamtoka mkononi kwa wepesi. Akalitia mfukoni mwa kanzu. "Fundi akiona tundu huliziba, ndiyo tuliyofunzwa. Hakunambia mtu kuwa tundu nalo ni kazi."

Kisha akalinyanyua kasha, mara hii bila haraka, akalipima kwa mkono wake mwenyewe. Akatazama ngazi zilivyokwenda juu, nyembamba, nyeupe, zina kona tatu.

"Umelishusha peke yako daraja zote hizi?"

"Ndiyo, Baba."

"Lile langu usingaliweza."

Radhiya alivuta pumzi. "Singaliweza, Baba. Huko Chundwa lilikwama ngazini, watu wakatuteka mpaka mbavu zikawauma. Nilistahi kukwambia."

Mzee alitikisa kichwa, na macho yake yalikuwa laini. "Ungelinambia, mwanangu. Mimi ni seremala, si mfalme. Haya, tukua. Wakungojea." Akampa kasha kwa mikono miwili, kama anayempa mtoto mchanga, akamsindikiza mpaka daraja ya kwanza. Hapo ndipo mwanamume aishiapo, naye akasimama.

*

Alifika darini wakati bibi harusi anaketishwa. Alichomeka waya, akagonga uzi mara moja, na dari nzima ikaitika. Fahima alimtazama, akatabasamu, akaunyanyua mkono wake wa kushoto kutoka kwenye vidude akauweka mapajani. Wimbo ulipoingia, wanawake hawakungoja kuombwa. Walisimama kwa safu, nyonga zikaenda, bangili zikalia, na Bi Razan, mwenye nyumba, mwenye neru, akapiga kigelegele kilichowafanya kunguru waruke kwenye nyumba ya jirani. Radhiya alipiga nyimbo tatu mfululizo bila kuhisi vidole vyake, na furaha yake ilikuwa kubwa hata akaogopa kutazamana na mtu asije akalia.

Walipopumzika kunywa sharbati, mwanamke mmoja aliyekuwa akipeleka kahawa dakani akapanda mbio, anahema.

"Radhiya ndiyo gani?"

"Mimi."

"Yule mzee wenu wa tini. Amewainua wenzake wote, amewapanga migongo ukutani. Asema besi yawashukia hapa." Akajigusa kati ya mabega. "Sasa auliza mbona mumenyamaa. Asema hajashiba."

Radhiya hakumngoja Saadiya amalize sharbati. Alilisogeza kasha mpaka likagusa ukuta, akaugonga ule uzi mnene, peke yake, na jiwe la ukuta likaipokea sauti na kuipeleka chini.